Usiitupe hubu ya breki ya kukanyaga

Kosa linalorudiwa sana kwa BMX (baiskeli ndogo za inchi 20 za mbio za vumbi) za zamani zinazofika Kigoma na shehena za mtumba ni hili. Mwenye baiskeli analalamika kwamba breki ya kukanyaga nyuma haishiki. Anaambiwa hubu, yaani kitovu cha gurudumu, imekufa. Gurudumu linafumuliwa, inafungwa hubu ya friwili (isiyo na breki ndani, ukikanyaga nyuma inazunguka bure), na ile hubu nzito ya chuma inakwenda kwa mnunuzi wa skrepa. Mara nyingi haikuwa imekufa. Ilikuwa imekaukiwa grisi, au mkono wake wa breki, kile kipande cha chuma kinachotoka kwenye hubu na kufungwa kwenye fremu, ulikuwa umelegea. Yote mawili ni kazi ya saa moja na nusu hivi, spana tatu na kopo dogo la grisi.

Na kinachowekwa badala yake ni kibaya zaidi. Baiskeli ya friwili inahitaji breki ya kubana ringi, na ringi nyingi za BMX za zamani ni za chuma kilichopakwa kromu. Kromu ikilowa mvua, mpira wa breki unateleza juu yake kama sabuni. Kuanzia Novemba hadi Aprili, barabara za Gungu na Katubuka zikiwa tope jekundu, breki ya namna hiyo haifai kuaminiwa hata kidogo. Breki ya kukanyaga imefungiwa ndani ya hubu. Mvua haiifikii, na tope haliisumbui ikiwa vifuniko vyake vya vumbi bado vipo.

BMX yenyewe ilianzia California mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto wakiiga mbio za pikipiki za vumbi kwa baiskeli zao za inchi 20, hasa Schwinn Sting-Ray iliyotoka mwaka 1963. Nyingi zilikuja na breki ya kukanyaga, na jina lililotawala Marekani lilikuwa Bendix, hubu zilizotengenezwa Elmira, New York. Ulaya walikuwa na Torpedo ya Fichtel & Sachs wa Schweinfurt, Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20. Japani wakaja na Shimano na SunTour, Taiwan na KT. Ukitaka kujua unayo ipi, futa mkono wa breki kwa kitambaa chenye mafuta ya taa: jina limegongwa pale.

Ndani, Bendix, Shimano na KT zinafanya kazi kwa wazo moja. Gia ya nyuma imekaa juu ya kipande kinachozunguka, tukiite kiendeshi, chenye nyuzi pana za parafujo upande wa ndani. Juu ya nyuzi hizo imepanda klachi yenye umbo la koni. Ukikanyaga mbele, parafujo inaivuta klachi kulia mpaka inabana ukuta wa ndani wa hubu, na gurudumu linakwenda. Ukiacha kukanyaga, inaachia na gurudumu linateleza lenyewe. Ukikanyaga nyuma, klachi inasukumwa kushoto, inajipenyeza kati ya shuu za breki, inazitanua, nazo zinasugua ganda la hubu kwa ndani. Shuu ni mbili kwenye hubu nyingi, nne kwenye baadhi ya zile za kale. Torpedo ina namna yake: huko ni viringo vidogo vya chuma vinavyopanda miteremko ili kuendesha, na silinda iliyopasuliwa inayotanuka ili kufunga breki.

Sasa kuna kispringi kimoja chembamba ambacho watu hukidharau. Kazi yake ni kuishika klachi kidogo isizunguke pamoja na kiendeshi, ili parafujo iweze kuisogeza. Kikilegea au kikizama kwenye grisi iliyoganda, klachi inazunguka tu bila kusogea. Matokeo ni yale malalamiko mawili ya kila siku: ukikanyaga mbele pedali inazunguka bure kabla ya kushika, na ukikanyaga nyuma breki haipo. Mtu akiona hivyo anadhani meno yameisha ndani. Ndani hamna meno ya kuisha namna hiyo. Angalia kispringi kwanza.

Sehemu inayotuhusu zaidi sisi wa mji wa milima ni joto. Breki hugeuza mwendo kuwa moto, na hubu haina pa kuupeleka. Mpandaji na baiskeli wenye jumla ya kilo 80 wakishuka mita 100 za kimo, nishati inayotakiwa kumezwa ni kilojuli 78 hivi. Tuseme nusu inaliwa na upepo na barabara. Zinabaki 39 ndani ya hubu, na hubu ya chuma ya kilo moja ikizipokea zote inapanda nyuzi joto 80 juu ya ilivyokuwa. Ongeza jua la mchana, na hubu imeshapita nyuzi 100. Huo ni wastani wa chuma chote. Pale shuu zinaposugua pana moto zaidi. Huko huko California, mwaka 1976, watu walianza mbio za kushuka mlima kwa baiskeli nzito za zamani katika kaunti ya Marin, mteremko wa mita 400 hivi za kimo. Mbio hizo ziliitwa Repack, maana yake kupaka upya, kwa sababu grisi ndani ya hubu iliungua ikatoka moshi, na baada ya kila mshuko hubu ilibidi ifunguliwe na kupakwa grisi mpya.

Kwa hiyo grisi gani? Shuu hizi ni chuma juu ya chuma, nazo zinatakiwa kuwa na grisi. Watu wengi hapa wanafikiri kinyume: wanasema breki ikiwa na grisi itateleza, basi wanaziosha zikauke kabisa. Shuu kavu hukamata ghafla, gurudumu linafunga, zinalia, kisha zinachimba mifereji kwenye ganda la hubu, na ganda likichimbika halina dawa. Grisi hapa inaruhusu shuu zishike polepole na kuzuia vyuma visiumane.

Nunua grisi ya bearing za magurudumu ya gari yenye joto la juu, ile ambayo kopo lake limeandikwa lithium complex. Hiyo huvumilia zaidi ya nyuzi 250 kabla ya kuyeyuka. Grisi ya kawaida ya lithiamu inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 180 hivi, na ile ya kalsiamu ya bei ndogo huachia kwenye nyuzi 100 tu. Kwenye mteremko wa kutoka Mwanga kushuka stesheni itakuwa maji na kutiririka kwenye spoku. Mawese usiyatie kabisa, wala kwenye cheni wala kwenye hubu. Yanapatikana kila duka na yanateleza vizuri siku ya kwanza, lakini mafuta ya mimea yakikaa na hewa na joto yanageuka gundi. Ukifungua hubu iliyotiwa mawese mwaka jana utakuta kispringi kimekamatwa kama kimebandikwa. Oili ya injini nayo ni nyepesi mno kwa shuu. Inatoka pembeni mwa vifuniko ndani ya wiki.

Kufungua. Anza na boliti ya klampu inayoshika mkono wa breki kwenye bomba la chini la fremu linaloelekea gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, kabla hujagusa nati za ekseli. Ukigeuza mpangilio, utaupinda mkono huo bila kujua. Kisha nati mbili za ekseli, kwa kawaida spana namba 15, sogeza gurudumu mbele, toa cheni. Laza gurudumu juu ya gunia, tandaza kitambaa cheupe kando. Kila kipande kinachotoka kipige picha kwa simu kilivyokaa, kisha kiweke kwenye kitambaa kwa mpangilio wa kutoka kushoto kwenda kulia, uso uliotazama juu ubaki umetazama juu. Keji za gololi (pete zinazozishika gololi) zina upande: mara nyingi uso wenye gololi zilizo wazi unatazama koni au kikombe fulani, yaani nyuso mbili ambazo gololi huzunguka kati yake, na ukizigeuza hubu itasaga na kukwama.

Utakachokiona ndani kinakueleza historia yote ya baiskeli. Grisi iliyoungua ni nyeusi, ngumu, imekauka kama lami pembeni mwa barabara, na ina harufu ya sufuria iliyosahaulika jikoni. Hiyo ni hubu iliyoshuka milima bila breki ya mbele. Grisi ya rangi ya chai ya maziwa ni maji yaliyoingia. Unga wa kahawia mwekundu ni kutu, au vumbi letu lenyewe. Ukisugua kati ya vidole, vumbi linakwaruza na kutu inapaka. Mchanga mweupe unatoka ufukweni, Kibirizi kwa mfano, ambako baiskeli zinaburutwa mpaka kwenye mitumbwi.

Osha kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, siyo kwa petroli karibu na jiko. Kausha. Halafu tazama. Pitisha ncha ya kucha ndani ya vikombe na juu ya koni: kucha ikizama kwenye vidonda, koni inabadilishwa, kikombe kikiwa na vidonda vidogo kitaendelea kwa miaka ukiweka gololi mpya. Badilisha gololi zote mara moja, kwa kipimo kilekile cha zamani. Usichanganye mpya na za zamani, maana mpya zina unene zaidi kwa kiasi kidogo na zitabeba mzigo peke yake. Shuu ziking'aa kama kioo zisugue kwa msasa mwembamba, mikwaruzo ikatize, mpaka mng'ao utoke. Usizipunguze unene. Na asitokee mtu wa kuchomelea akaziongezea chuma: haziwezi kurudi kwenye duara lake, na hubu itafunga siku usiyoitarajia.

Shuu mpya ndizo adimu. Njia ya uhakika ni kutunza hubu mbili tatu za aina moja zilizopasuka ganda au kukatika ekseli, uzitumie kama ghala la vipuri. Ndiyo maana inauma kuona zinapimwa kwa kilo kwenye mzani wa skrepa.

Kurudisha ni picha zako kwa kinyume. Jaza gololi grisi mpaka keji ifichike. Paka shuu upande wa nje kwa ukarimu, na ndani ya ganda pale zinaposugua. Kwenye nyuzi za kiendeshi tabaka jembamba latosha, na kispringi kipate kidogo sana. Hakikisha masikio ya shuu yamekaa kwenye nafasi zake. Shuu zisiposhikwa zitazunguka pamoja na gurudumu na hakuna breki. Halafu koni inayorekebishwa, ile yenye bapa mbili za kushikia spana nyembamba. Ifunge kwa vidole mpaka iguse, irudishe nyuma kama robo mzunguko, kisha uibane na nati yake. Shika ringi uitikise: mchezo kidogo unaohisiwa mkononi, usiozidi milimita moja kwenye ringi, ndio unaotakiwa. Usikaze mpaka mchezo uishe kabisa. Hubu hii itapata moto, chuma kitatanuka, na iliyokazwa baridi itajifunga yenyewe katikati ya mteremko.

Kabla ya kufunga gurudumu, zungusha gia kwa mkono. Mbele ishike mara moja. Nyuma ishike pia, na gurudumu lisimame. Baiskeli ikishafungwa, pedali isirudi zaidi ya robo mzunguko kabla breki haijauma.

Mkono wa breki unahitaji aya yake, kwa sababu hapa ndipo watu wanapovunjika meno. Nguvu yote ya breki inaishia kwenye ule mkono. Ukikanyaga nyuma, hubu inajaribu kuuzungusha kuelekea mbele, na kinachouzuia ni klampu moja ndogo tu. Baiskeli nyingi za mtumba zinafika bila klampu hiyo, ikabaki kamba ya tyubu au waya uliosokotwa. Tyubu inavutika, waya unakatika. Mkono ukiachia, unazunguka, unakata spoku, na unaweza kuizungusha koni pamoja nao. Hapo hubu itafunga kabisa au italegea kabisa, na vyote viwili vinamwangusha mpandaji. Kata klampu kutoka bati lenye unene wa milimita 1.5 hadi 2, uipinde kufuata unene wa bomba la fremu, toboa tundu moja, tumia boliti ya milimita 6 na nati yenye plastiki ndani isiyolegea kwa mtikisiko. Mkono ukae wenyewe sambamba na bomba. Ukilazimika kuupinda ili ufike, ekseli haijanyooka.

Cheni ndiyo waya wa breki hii. Ikidondoka, breki hakuna. Basi iwe na mlegeo wa milimita 10 hadi 15 katikati, upime ukizungusha krenki (mikono ya pedali) sehemu nne tofauti, kwa kuwa gia za mbele za zamani mara nyingi si duara kamili. Kaza pale inapobana zaidi. Klipu ya kiungo cha cheni, upande wake uliofungwa utangulie kuelekea inakokwenda cheni. Nati za ekseli ziwe na washa zenye meno, kwa sababu breki inavuta cheni ya chini kwa nguvu kama ambavyo mguu unavuta ya juu.

Ukubwa wa gia nao unabadilisha breki, jambo linalosahaulika. Krenki ya milimita 175 ikisukumwa kwa nguvu ya nyutoni 400 inatoa mzunguko wa nyutoni-mita 70. Kwa gia ya meno 44 mbele na 16 nyuma, hubu inapokea 25 hivi. Weka 20 nyuma, inapokea karibu 32, yaani robo zaidi kwa mguu uleule. Utapoteza kasi tambarare ya kwenda Ujiji, utapata urahisi wa kupanda kurudi Mwanga. Kwa mtoto mwepesi ningechagua 20 bila kufikiri mara mbili. Gia hizi za nyuma zina masikio matatu na zinashikwa na pete ya springi: unaitoa pete kwa bisibisi, gia inachomoka, huna haja ya kufungua hubu. Kinga macho, pete ile inaruka.

Kwenye magurudumu yenyewe, anza na kipimo cha tairi kabla ya kununua chochote. Inchi 20 si kipimo kimoja. Tairi iliyoandikwa 20 x 1.75 au 20 x 2.125 inakaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 406 pale ukingo wa tairi unapokaa. Iliyoandikwa 20 x 1 3/8 ni ya 451. Na Schwinn wa zamani walikuwa na 20 x 1 3/4, ya 419. Kwa hesabu ya shule 1.75 na 1 3/4 ni kitu kimoja. Kwenye ringi zinapishana milimita 13 na haziingiliani kamwe. Tafuta namba ya milimita iliyochapwa ubavuni, mfano 47-406, uiamini hiyo.

Spoku za hubu ya breki ya kukanyaga lazima zipishane. Mara tatu kwa tundu 36, mara mbili kwa tundu 28. Kuzinyoosha moja kwa moja kutoka hubu hadi ringi ni hatari, kwa sababu mzunguko wa breki unatoka kwenye hubu na spoku iliyonyooka haiwezi kuubeba. Ukibadilisha ringi, kimo cha ringi kikitofautiana, urefu wa spoku unabadilika pia. Pima ya zamani kutoka ndani ya kona yake hadi ncha. Gonga zote kwa spana ndogo baada ya kusuka: za upande mmoja zilie karibu sauti moja.

Magurudumu ya plastiki ya Skyway Tuff Wheel, yenye mikono mitano, na yale ya aloi yaliyoitwa Motomag ya Mongoose, yote ya miaka ya 1970, ukiyakuta usiyaache. Hayana spoku za kukatika. Ila ya plastiki yakipinda kwa kuachwa juani na mzigo juu yake, hakuna cha kukaza ili yanyooke. Yaning'inize kivulini.

Sasa breki ya mbele. Kwa tambarare za bondeni unaweza kuishi bila nayo. Kwa anayeshuka Mwanga kila siku, hapana. Foku nyingi za BMX zina tundu la kufungia breki ya kubana. Weka ringi ya alumini mbele, tundu 36, milimita 406, na breki ya kubana yenye mpira mpya; ringi ya kromu iliyotoka iwe akiba ya nyuma, ambako hubu inafanya kazi na kulowa kwake hakuna shida. Breki ya mbele inachukua sehemu kubwa ya kazi, kwa kuwa ukipunguza mwendo uzito unahamia mbele na tairi la nyuma linabaki jepesi. Ndiyo maana breki ya kukanyaga peke yake hufunga gurudumu kirahisi likaburuzika. Watoto hupenda ule mburuzo, nao hula tairi mpaka nyuzi ndani ya mwezi.

Wakati wa kushuka, leta krenki usawa na ardhi kwanza, kisha sukuma kwa mguu ulio nyuma. Krenki zikiwa wima hakuna nguvu ya kusukuma. Kanyaga, achia, kanyaga, badala ya kuning'inia juu ya breki mwanzo hadi mwisho, na mkono wa mbele ufanye kazi wakati mguu umepumzika. Ukifika chini ukasikia harufu ya grisi, simama kivulini dakika kumi na tano. Usimwagie maji hubu ya moto: hewa ya ndani ikipoa ghafla inajivuta, na maji yanaingia pamoja nayo kupitia vifuniko. Jioni hiyohiyo zungusha gurudumu. Kama linasikika kavu, ifungue kesho, usingoje mwisho wa msimu.